Kuuzwa Mara ya Tatu

…na neno likiwa limefika katikati, yamebaki maneno manne tu na pigo moja la shaba kwenye mizani, mjomba Herius akapiga chafya, chafya jamani, tena si ile ya kistaarabu ya kuzibwa kwa upindo wa nguo, hii ni chafya ya mwoka mikate, unga wa miaka thelathini uliojificha puani umengoja siku yangu, saa yangu, neno langu, ndipo utoke, umetua kwenye mizani, umetua kwenye kile kipande cha shaba, umetua kwenye mkono wangu ambao bado kaushika, maana anunuaye sharti amshike anayenunuliwa, na mimi nimesimama hapa kwenye ngazi za mahakama, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mvi zimeshaanza kuniingia juu ya masikio, nusu nimenunuliwa, nusu sijanunuliwa, moyo unanienda mbio kama wa bwana harusi, "Anza upya," anasema Trebius mshika mizani, "Yote?" anauliza mjomba huku akipangusa pua kwa mkono wa pili, "Yote. Maneno ya sheria hayakatwi kwa chafya," na Oppius mfua nguo, jirani yetu, shahidi wa tano, yule anayenuka mkojo wa kufulia hata siku ya sikukuu, anasema, "Na sisi mashahidi chafya tumeiona, tuishuhudie au tuiache?" watu wanacheka, na mimi nacheka, leo nacheka kila kitu, nzi akinitua puani nitacheka, kwa sababu hii ni mara ya tatu, Numerius wewe, ya tatu ndiyo yenyewe, mara mbili tangu asubuhi baba ameniuza kwa mjomba, mara mbili mjomba kanipandisha mbele ya hakimu, tarishi kanigusa bega kwa fimbo, nimeachwa huru, na mara mbili huo uhuru haukufika hata mwisho wa ngazi, nimerudi palepale, mkononi mwa baba yangu, ndivyo sheria isemavyo, mwana akiuzwa akaachwa hurudi kwa baba, akiuzwa tena akaachwa hurudi tena, ila ya tatu… aa, ya tatu hakuna kurudi, "Punda huuzwa mara moja akaenda zake," alisema Oppius ile mara ya pili, "wewe unauzwa unarudi, unauzwa unarudi, una kasoro gani bwana, unauma?" na kweli hata Dama, aliyekuwa mtumwa wetu, aliyesokota kamba pamoja nami tangu sote hatujaota ndevu, yeye aliguswa fimbo mara moja tu, mwaka juzi, akavaa kofia yake ya uhuru, na kabla ya jioni alikuwa na mbuzi, mbuzi wake mwenyewe, kamfunga mlangoni kwake kwa kamba niliyoisokota mimi, kamba isiyo yangu, kwa kuwa mimi sina changu, sijapata kuwa na changu, viatu hivi ni vya baba, toga hii ni ya baba, kamba zote zilizopita katika viganja hivi zikafunga nusu ya mashua za Tiberi ni za baba, mtu anaweza kuwa mkuu wa Roma nzima, akatanguliwa na walinzi kumi na wawili, na akirudi nyumbani, kama baba yake angali hai, hata godoro alalialo si lake, na Dama siku ile akanifungulia mlango wa chumba chake, chumba kimoja, kinavuja, akasema, "Karibu kwangu, Numerius," akacheka, mimi nikaingia, nikakaa, nikala dengu zake, na njia nzima ya kurudi neno lile likanikera kama punje kwenye jino, karibu kwangu, karibu kwangu, miaka yote hii sijalisema hata mara moja, ningelisemea wapi.

"Leteni maji," anasema mjomba, "koo limeniwasha," na mmoja wa mashahidi anakwenda chemchemini, na sisi tunabaki hivi tulivyo, mkono wake juu ya mkono wangu, Trebius na mizani yake hewani, shaba katika vidole vya mjomba, baba upande wa pili wa mizani kasimama wima na toga yake iliyopaushwa kwa chaki, hanitazami, anaitazama mizani, na mwanangu Paulla kakaa ngazi mbili chini, kachora mistari juu ya jiwe kwa kipande cha mkaa, anacheza peke yake mchezo wa watu wawili kwa dengu za kukaanga, anahamia huku anacheza, anahamia kule anacheza, akishinda anakula dengu ya mshindwa, miaka tisa huyu, hirizi yake ya mwezi mchanga inaning'inia shingoni, asubuhi aliniuliza, "Baba, umeuzwa mara ngapi sasa?" nikamwambia mara moja, "Na mimi nitauzwa lini?" basi wote tukaangua kicheko, Oppius akashika mbavu, mjomba akasema, "Wewe tutakuuza kwa keki ya asali," kila mtu alicheka… kila mtu? Baba hakucheka. Kwa nini hakucheka? Ah, baba hacheki mbele ya mahakama, baba huiheshimu mahakama kama watu wengine wanavyoheshimu hekalu, yeye ndiye aliyenifundisha ile sheria kabla hata mwalimu hajanifundisha kwa fimbo, usiku wa mvua karakanani, yeye anarudi nyuma na uzi, mimi nazungusha gurudumu, "Sema," ananiambia, nami naimba kama watoto wote wa Roma walivyoimba, baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana na awe huru kwa baba, sema tena, baba akimuuza mwanawe mara tatu… na siku moja nikamuuliza, baba, ni baba gani huyo anayeuza mtoto mara tatu? akainua kidole, kile kidole chake cha shahada, mimi nikifungua kinywa yeye hukiinua, hatukani, hapigi kelele, hukiinua tu, na neno langu hurudi tumboni likalala, lakini siku ile, ajabu, alikiteremsha, akasema, "Baba mwenye njaa, na baba mwenye roho mbaya. Wakati huo walikuwapo wa namna zote mbili," akanihadithia jinsi sheria zamani zilivyokaa vichwani mwa makuhani wachache, mnyonge hajui siku gani aruhusiwa kushtaki wala kwa maneno gani, anakuja mahakamani anaambiwa leo si siku yake, anarudi kesho anaambiwa neno umelikosea, mpaka watu wakachoka, wakaacha kazi, wakatoka mjini wakaenda kukaa kilimani, wanajeshi, wafinyanzi, wasokota kamba, wakasema hatushuki mpaka iandikwe, ikaandikwa, mbao kumi na mbili, zikawekwa hapa, hapa hapa uwanjani, pale ziliposimama hapafiki hatua mia kutoka hapa nilipo, kila mwenye macho asome, na kwenye mojawapo wakaliweka hilo la mwana na mara tatu, kumtisha baba yule mwenye roho mbaya, kumwambia ukimtoa mtoto mara moja sawa, mara mbili sawa, ukirudia ya tatu umempoteza, ni adhabu, lilikuwa neno la adhabu, halafu… hapa ndipo baba alipokuwa akipunguza sauti kana kwamba anafichua siri ya jirani… halafu wajuzi wa sheria wakaja, wakaligeuza, wakaona hakuna sheria hata moja inayomruhusu baba kumwacha mwanawe huru, hata akitaka, hata akimpenda, mkono wa baba hauna mlango, basi wakachukua lile neno la kumwadhibu baba mbaya wakalifanya mlango wa baba mwema, muuze kwa rafiki unayemwamini, kwa shaba na mizani, mbele ya watu watano, mara tatu za haraka haraka, uongo mtupu, kila mtu ajua ni uongo, na ukishatendeka ni kweli kuliko kweli, "Umeona ujanja huo?" alisema baba, na macho yakamng'aa, naye hacheki ovyo, "hawakubadilisha hata neno," na mimi nikazungusha gurudumu kwa nguvu mpaka uzi ukakatika, nikapigwa kofi, lakini nilikuwa na furaha, nakumbuka, kofi na furaha pamoja, na leo nimo ndani ya mlango huo huo, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, Ostia, kule pwani kwa mjomba, inaningoja, tanuri nne, jiwe la kusagia lenye punda wake wawili, mjomba hana mtoto na mikono imeanza kumuuma, aliniambia wazi, "Mpwa wangu, nataka kukuandika mrithi, lakini nikikuandika ukiwa mkononi mwa baba yako, tanuri zangu zitakuwa zake kabla majivu yangu hayajapoa, na mimi na shemeji, miungu inajua," maana wawili hawa hawasemezani tangu mazishi ya mama, mjomba alitaka majivu ya dada yake yakae Ostia, baba akasema mke wangu atakaa nilipo mimi, tangu hapo husemezana kupitia kwangu, mwambie baba yako, mwambie mjomba wako, hata leo, mmoja kaniuza na mwingine kaninunua na hawajasalimiana.

"Maji haya yana ladha ya shaba," mjomba analalamika, "Ni kinywa chako," anasema Trebius, "kunywa, hakimu anaondoka muda si mrefu, na kesho hadi keshokutwa si siku za kusema sheria," naam, harakisha mjomba, mashua inatoka na mkondo wa mchana, nimeshafikiri yote, Paulla atakaa mbele juu ya magunia, ataona chumvi inavyokaushwa, ataona bahari, hajawahi kuiona bahari, nimemwekea tayari kijisanduku chake cha… na Trebius anamwambia shahidi aliye karibu naye, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepitisha muda, "…yule mtoto pale? Aa, yeye hafuati. Aliyekwisha kuzaliwa anabaki mkononi mwa babu. Atakayemzaa kesho ndiye atakuwa wake," "Hata kama mama yake hayupo?" "Mama hana neno hapo. Yule ni wa babu yake, mzee Vibius," na shahidi anasema ahaa, anatema ganda la dengu… nini? Kasema nini? Hafuati? Nani hafuati, Paulla hafuati? Ngoja, ngoja, tulia Numerius, huyu Trebius ni mshika mizani tu, huyu… huyu ameshika mizani miaka ishirini mbele ya mahakama hii, huyu akisema mvua haina maji, watu watakwenda kuuliza… hafuati. Nami nilidhani… nilidhani nini? Nilidhani ndama hufuata ng'ombe, basi, ukinunua ng'ombe ndama anakuja nyuma akilia, nani atauliza jambo kama hilo, sikuuliza, miezi mitatu ya kupanga, nani atakuwa shahidi, siku gani ni halali, mizani ya nani, nimeuliza mpaka bei ya nauli, hilo sikuuliza, mjinga, mjinga mwenye mvi, nimeimba sheria tangu nina jino moja na sikujua kuwa mtoto wangu si wangu, kwa nini ajue mtu asiyemiliki hata kiatu, kama viatu ni vya baba na kamba ni za baba, basi na aliyetoka kiunoni mwangu… oo, imekaa sawa, imekaa sawa kabisa, ndivyo ilivyo hesabu yao, pigo la shaba likilia mimi natoka mlangoni na mlango unafungwa nyuma yangu naye yuko ndani, baba atamwozesha amtakaye kwa neno lake pekee, mwaka wa tatu kutoka sasa, wa nne, nami nitaalikwa harusini kama mgeni, nitaambiwa karibu, na nikija kumchukua hata siku moja aone bahari itabidi niombe, niombe kwa nani, kwa mtu ambaye kwa sheria ya zamani hatakuwa tena hata jamaa yangu, nitakuwa yatima mwenye baba… na baba alijua. Alijua! Kitanda! Jana asubuhi nilimkuta chini, magoti sakafuni, mzee wa miaka sabini na miwili, misumari mdomoni, anagongomea mguu wa kitanda cha Paulla, kitanda kilicholegea mwaka mzima tukimwambia na yeye akisema kesho, nikasimama mlangoni nikamtazama nikajisemea uzee huo, umemrudisha utotoni, anatengeneza kitanda cha mtoto anayehama… hakuwa anahama, alijua hahami, wewe nenda, alisema jana usiku, wewe nenda na mkate wako, huyu mdogo yupo, nami nikasikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye paa la jirani, "Huyu mdogo yupo," alisema wazi kabisa mbele yangu na kijiko cha mchuzi mkononi, hakunificha, ee baba, hukunificha, na mimi hapa nakuita mwizi rohoni, mwizi wewe, umenifungulia mlango kwa mkono wa kulia ili wa kushoto umshike mtoto, nimesimama na hasira mpaka masikio yanawaka, nikivuta mkono huu sasa kutoka kwa mjomba, nikisema siuzwi, basi yamekwisha, hakuna wa kunilazimisha, nitarudi karakanani nizungushe gurudumu, Ostia itakwenda kwa mtoto wa binamu yule mlevi, mjomba alisema leo au basi, na Oppius atapata hadithi ya kusimulia mpaka afe, "aliuzwa mara mbili na nusu," na Paulla atakuwa na mimi, atakuwa na mimi lakini bado hatakuwa wangu, nikibaki si wangu, nikienda si wangu, sasa ni lipi, ni lipi haraka, mjomba amemaliza maji, anakohoa, anasafisha koo…

"Baba," Paulla anaita kutoka chini, "nimejishinda tena," na baba, babu yake, anageuka kumtazama kabla yangu, na hapo naona mkono wake, ule wa kidole, unatetemeka, unatetemeka ndani ya mikunjo ya toga, ameuficha usionekane, na ninajua mkono huo haukutetemeka alipomzika mama wala ule mwaka karakana ilipoungua, naye anamtazama mtoto kama mtu anayehesabu hatua za kumfikia, hee, sikuliona hili, miaka yote nimekitazama kidole sikutazama mkono, mzee huyu anaogopa, anaogopa nyumba, ile nyumba yetu usiku, gurudumu limesimama, miungu ya nyumbani kwenye kidaka chao na uvumba wao mbele yake yeye peke yake, nani atamjibu akisema amani kwenu, Dama kaenda, mama kaenda, mimi naenda, kitanda kimegongomewa misumari ili mtu mmoja asitoke, na bado, ngoja, na bado ameniuza! Nani alimlazimisha? Hakuna. Hakuna hakimu katika Roma yote awezaye kumlazimisha baba amwache mwanawe, angesema hapana na hapana yake ingekaa mpaka kaburini, badala yake amevaa toga, amepaka chaki mwenyewe, ameshuka mtaa mzima kwa magoti yale mabovu, amekuja kusimama mbele ya shemeji asiyemsalimia, aseme nauza, nauza, nauza, mimi nilidhani ninamponyoka, kumbe anavuta mlango ule aliouhadithia karakanani, anaushikilia kwa mabega ili nipite, analifanya kwangu lile la baba mwema, hata neno hakubadilisha, na mimi mchana huu nilikuwa nijipandie mashua nikipiga mluzi… lakini sikiliza, mtoto wa kike, mtoto wa kike na mjukuu, wewe Numerius, imba, ile sheria nyingine, imba, wajuzi walisemaje, mara tatu ni ya mwana wa kiume peke yake, kwa kuwa mbao zilisema mwana, hazikusema binti wala mjukuu, kwao mara moja yatosha, mara moja! Pigo moja! Mizani ile pale, hewani, mkononi mwa Trebius, shaba ile pale, mashahidi watano wako hapa na Oppius hata hajamaliza dengu zake, fimbo iko juu ya ngazi, hakimu yupo, siku ni halali, na Paulla alishauliza mwenyewe nitauzwa lini, leo mwanangu, leo, kwa keki ya asali, ila si mimi wa kumuuza, mimi siwezi kuuza hata kiatu, ni yeye, ni mkono ule unaotetemeka, huo pekee katika dunia yote uwezao kumfungulia, na nikimwomba nakuwa namwomba nyumba yake yote, namwomba ile sauti ya mwisho, niitoe, nimwachie gurudumu, hapana, sivyo, si hivyo, fikiri, mlango unaingiwa pande mbili, mtu aliyeachwa huru ana nini ambacho mwana hana, ana mbuzi, ana kofia, ana chumba kinachovuja, Dama, ewe Dama, ana neno lile! Nikishapigiwa shaba hii nitakuwa na kwangu, chumba juu ya tanuri, joto mwaka mzima, dirisha linatazama chumvi, na mtu mwenye kwake anaweza kumwambia mtu mwingine… anaweza kumwambia baba yake mwenyewe… hakuna mwana aliyewahi kumwambia baba yake, maana kwa mwana kila mahali ni kwa baba, mimi nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu wa Safinius kulisema hilo, baba, muuze na huyu mdogo, mara moja tu, kisha fungasha miungu ya kidaka na majivu ya mama pia, mjomba alitaka yakae Ostia, basi yakae, wewe ukae nayo, sote tukae, mjomba atapiga kelele, wewe utainua kidole, mtagombana kila siku asubuhi juu ya mikate na itakuwa nyumba yenye watu, karibu kwangu baba, karibu, jamani maneno mepesi kiasi hiki na ulimi umekuwa jiwe, yasemwe sasa, sasa hivi, kabla ya pigo, maana kabla ya pigo ni ombi la mwana kwa baba yake, baada ya pigo ni maongezi ya watu wawili barabarani, nimebakiwa na utoto wa kukaa kwenye kiganja, muda wa mtu kunywa maji tu, na atakataa, huenda atakataa, akikataa nitakuwa nimeomba, lakini moyo unanidunda, siyo kwa hofu, kwa… sijui, kama siku ya uzi kukatika, kofi na furaha pamoja, "Haya," anasema Trebius, "shika vizuri, shaba juu," na mjomba anakaza vidole mkononi mwangu, palepale, alama ya kidole gumba juu ya alama ya kidole gumba, anavuta pumzi, "Nasema mtu huyu," anaanza kwa sauti yake ya kuita wanunuzi wa mkate, "kwa sheria ya Warumi…" nami nafungua kinywa, na baba ananiona, ananiona kinywa wazi mbele ya mahakama katikati ya maneno yasiyokatwa, na mkono ule unatoka kwenye mikunjo, unatetemeka mbele ya watu wote, kidole kinapanda, kile kile, mwili wangu wote unakijua na neno tayari limeanza kurudi tumboni, lakini hakikunielekea mimi, kimemwelekea mjomba, "Shemeji," anasema baba, neno la kwanza kwake tangu mazishi, "ngoja kidogo. Mwanangu ana la kusema," na shaba imebaki hewani, na mizani imebaki hewani, na Paulla ameinua uso kutoka kwenye dengu zake, na Oppius, kwa mara ya kwanza leo, amenyamaza.